Kivinjari cha bure, bili ya nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tulimaliza chuo mwaka juzi, tukatengeneza kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha simu za Android. Menyu zote ni za Kiswahili, kinazuia matangazo, na kurasa zinapita kwanza kwenye seva yetu zinabanwa ili mtu asimalize bando. Msimbo wake tumeuweka wazi. Tuna watumiaji kama 4,000, wengi wao Dar na Morogoro. Seva tunailipia kwa hela za mfukoni, na mwenzetu mmoja ameanza kuchoka. Hatutaki kukiuza. Vivinjari vya bure kama Firefox vinaishije, na sisi tufuate njia ipi? Halafu kuna kampuni imetuandikia: wako tayari kutulipa kwa kila mtumiaji tukiweka kipande cha programu yao ndani ya kivinjari chetu. Msomaji, Tabata.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu, lakini lililonishika mimi ni lile la nne, ulilolipitia haraka: mwenzenu ameanza kuchoka. Kivinjari kidogo kinaweza kuwa na watumiaji tele na bado kikafa. Kinakufa siku yule mmoja anayejua kila kitu kinakaa wapi anapopata ajira ya mshahara. Wiki tatu baadaye linatangazwa tundu la usalama, na hakuna wa kuliziba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hela itoke wapi, tuangalie inakwenda wapi.

Kutengeneza kivinjari ni kazi ya mara moja, kukitunza hakuishi. Mwaka 2021 Chrome walifupisha muda wa kutoa toleo jipya hadi wiki nne, na tangu Agosti 2023 wanatoa viraka vya usalama kila wiki. Firefox nao wana mwendo wa wiki nne. Hawafanyi hivyo kwa kupenda. Kivinjari ni programu inayomfungulia mlango kila anayepiga hodi, mara mia kwa siku, bila kumuuliza katokea wapi. Kila ukurasa ni mgeni, na baadhi ya wageni wamekuja na bisibisi.

Hukusema injini yenu, ile sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora, ni ipi. Nachukulia ni WebView, injini ya Google inayokaa ndani ya Android, maana wengi wanaotengeneza kivinjari kidogo cha Android huanzia hapo. Kama ndiyo, mna mfadhili ambaye hamjamweka kwenye hesabu. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, WebView husasishwa kupitia Play Store kama programu nyingine yoyote. Maana yake mishahara ya watu wanaoziba matundu ya injini yenu inalipwa na Google, nyinyi mnabaki na menyu, kizuizi cha matangazo na hiyo seva. Vijana wenye msimamo wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hunitumia ujumbe wakitaka kuhamia injini ya Firefox ili wasimtegemee Google. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini mkihama, kila kiraka mtakijenga na kukisambaza wenyewe, na kifurushi cha kupakua kitanenepa hadi makumi ya megabaiti. Mtu wa Morogoro mwenye bando la siku ataliona hilo kabla yenu. Uamuzi wa injini ni uamuzi wa fedha, ingawa mara nyingi unafanywa usiku na mtu anayependa tu msimbo wa aina fulani.

Sasa seva. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela zenu zinapovujia.

Chukua watumiaji wenu 4,000, kila mmoja apitishe MB 20 kwa siku. Hizo ni GB 80 kwa siku, karibu TB 2.4 kwa mwezi, zinaingia na kutoka kwenye seva ya kukodi. Mkifika watumiaji 40,000, ambao nadhani ndio mnaowaombea, bili inazidishwa kwa kumi na mapato yanabaki sifuri. Mmejenga biashara ambayo mafanikio yake ndiyo yatakayoiua. Najua mlikoiga. Aliyekuwa na simu ya Java hapa mjini miaka ya 2008 au 2010 anaikumbuka ile O nyekundu ya Opera Mini, iliyobana kurasa kwenye seva zake hadi zikabaki sehemu ndogo sana ya ukubwa wake. Ilikuwa mkombozi. Lakini nyuma ya Opera kulikuwa na mikataba na kampuni za simu na watengenezaji wa simu waliolipia kuwa nayo. Google wenyewe, pamoja na utajiri wao, huduma ya namna hiyo ndani ya Chrome ya Android waliifunga mwaka 2022.

Kuna jambo lingine zito kuliko bili. Siku hizi karibu kila tovuti inasafiri kwa njia fiche. Ili seva yenu iweze kubana ukurasa, lazima ifungue bahasha, isome, ipunguze, halafu ifunge tena. Ndani ya bahasha hiyo kuna nywila ya benki ya mtu. Hamna nia mbaya, najua, ila mmekaa katikati ya barua za watu 4,000, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Ina Tume yake, na mtu anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwao. Seva hiyo ni gharama, ni hatari, na ni mzigo wa kisheria kwa mkupuo.

Izimeni. Mnachotaka kinaweza kufanyika ndani ya simu yenyewe: zuieni matangazo, video zisijicheze zenyewe, picha zipakiwe pale mtu anapozigusa. Kazi hiyo inafanywa na simu ya mtumiaji na umeme wake. Bando litapona kwa kiasi kikubwa, nanyi mtabaki na gharama ndogo mno kwa mwezi. Hesabu ya fedha ibadilike kwanza kwa kupunguza kinachohitajika, ndipo twende kwenye kutafuta.

Haya, Firefox.

Zamani kivinjari kiliuzwa. Netscape ya mwaka 1994 ilikuwa na bei kwa makampuni. Microsoft wakaweka Internet Explorer ndani ya Windows bila kudai senti, na biashara ya kuuza kivinjari ikaishia hapo. Januari 1998 Netscape wakaondoa bei, Machi wakauachia msimbo, baadaye AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, wakainunua kampuni yenyewe. Mwaka 2003 AOL walipojiondoa, kazi ilikabidhiwa wakfu mpya wa Mozilla, ikiwa na ahadi ya dola milioni 2 kutoka kwa AOL. Kwa injini ya kivinjari hiyo ni hela ya kuanzia tu. Firefox 1.0 ikatoka Novemba 2004, na mwezi uliofuata maelfu ya watu walichangishana kulipia tangazo kwenye gazeti la New York Times, majina yao yakachapwa humo. Ni habari tamu na watu huipenda. Ila iliyowalisha ni habari nyingine: kisanduku kidogo cha kutafutia pale juu kulia. Google walianza kulipa mgawo wa mapato kwa kila utafutaji uliopitia pale, na mapato ya Mozilla yakaruka kutoka dola milioni 5.8 mwaka 2004 hadi milioni 52.9 mwaka 2005.

Ukitaka kuielewa biashara hiyo, nenda duka la Mangi la mtaani kwenu. Mlangoni kuna friji la kioo lenye rangi za kampuni ya soda. Mangi hakulinunua. Kampuni imemwekea, kwa sharti kwamba ndani zikae soda zake. Hakuna aliyekatazwa kunywa soda nyingine, ipo kule ndani kwenye kreti, ya moto. Sasa kaa pale saa nzima mchana wa Februari uhesabu wangapi wataomba ile ya kwenye kreti. Kisanduku cha kutafutia ndicho friji hilo, na Google analipa ili soda yake iwe ndiyo ya baridi. Hesabu zilizotoka mahakamani Marekani zilionyesha kwamba mwaka 2021 alilipa dola bilioni 26.3 kwa wote waliomweka mbele, na mwaka 2022 Apple peke yao walichukua bilioni 20 kwa ajili ya Safari. Hao Mozilla tunaowazungumzia ni walipwaji wadogo.

Kichekesho ni kwamba Septemba 2008 kampuni ya soda ilifungua duka lake mwenyewe ng'ambo ya barabara, likaitwa Chrome. Wateja wa Mangi wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja, huku kampuni ikiendelea kumlipa Mangi kodi ya friji. Mozilla walijaribu kubadilisha friji mara moja. Novemba 2014 walisaini na Yahoo mkataba wa miaka mitano, karibu dola milioni 375 kwa mwaka. Watumiaji wengi wakaingia kwenye mipangilio wakarudisha Google wenyewe. Novemba 2017 Mozilla wakauvunja mkataba, wakarudi walikotoka. Agosti 2020 wakapunguza watu wapatao 250 kwa mpigo.

Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google wamehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ungetegemea Mozilla washangilie. Badala yake, Mei 2025 mkuu wao wa fedha alisimama mahakamani kueleza kwamba karibu asilimia 85 ya mapato ya Firefox inatoka kwa Google huyohuyo, na malipo yakikatazwa wataumia wao kuliko yeye. Septemba 2025 jaji akakataza mikataba ya kumfungia mtu kwa Google pekee, lakini malipo yenyewe akayaacha. Mangi akapumua. Mimi nikiwa Mangi nisingelala vizuri.

Je, nanyi mtafute friji? Mnaweza. Vivaldi wanaishi hivyo. Ni kampuni inayomilikiwa na wafanyakazi wake, iliyoanzishwa na Jon von Tetzchner, yuleyule aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Opera, na wanakula mgawo wa injini za kutafutia pamoja na alamisho, viungo vya tovuti wanazoziweka mapema ndani ya kivinjari kwa makubaliano na makampuni. Lakini mgawo hufuata thamani ya tangazo, na mtangazaji anamlipia mtafutaji wa Oslo zaidi sana kuliko wa Tabata. Kwa watu 4,000 msitegemee mshahara. Chukueni mgawo huo ukija, muuweke kando kama hela ya dharura, na mwandikeni mtumiaji wazi kwamba mnalipwa.

Kuhusu matangazo nitakuwa mfupi. Mmejenga sifa kwa kuyazuia, mkiyaweka yenu mtaonekana matapeli. Brave, ya Brendan Eich aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Mozilla, walitafuta njia ya katikati: wanazuia matangazo ya tovuti, wanaonyesha ya kwao kwa anayekubali, na asilimia 70 ya mapato inamrudia mtumiaji kwa sarafu yao ya kidijitali. Ni ubunifu, sibishi. Mwaka 2020 wakakutwa: mtu akianza kuandika anwani ya tovuti ya kubadilisha sarafu za kidijitali, kivinjari kinaimalizia kwa kiungo chenye alama ya kuwalipa wao kamisheni, mwenyewe hajui. Waliomba radhi na kukiondoa. Watu hawajasahau.

Michango sasa. Dar nzima inajua kuchanga. Ukiwa na WhatsApp una angalau kundi moja la harusi ambalo hukuomba kuingizwa. Kuna mwenyekiti wa kamati, kuna mhazini, kila jioni inabandikwa orodha: fulani ahadi laki moja, amepunguza elfu hamsini. Mtu ambaye hana nauli ya kesho anapunguza ahadi yake, kwa sababu kuna tarehe, kuna orodha, na jina lake linasomwa. Harusi ikiisha kundi linafutwa. Umewahi kuona kamati ya kuchangia maisha ya ndoa? Gesi, kodi ya nyumba, maziwa ya mtoto? Hakuna. Na kivinjari, mdogo wangu, ni maisha ya ndoa.

Ndiyo maana maombi ya jumla, ya "tusaidie tuendelee", hayaleti kitu. Thunderbird, programu ya barua pepe iliyozaliwa Mozilla, ilikuwa karibu kuachwa ife. Wakaanza kuomba ndani ya programu yenyewe, waziwazi, wakieleza hela inalipa kazi gani, na mwaka 2022 wakapata zaidi ya dola milioni 6 za michango. Inawezekana, basi. Lakini angalia kitu ambacho watu wengi hawakijui: ukichangia wakfu wa Mozilla, hela yako haiendi Firefox. Firefox inatengenezwa na kampuni iliyo chini ya wakfu huo, na michango inakwenda kwenye shughuli nyingine za wakfu. Mchangiaji akigundua hilo baadaye hujiona ameingizwa mjini. Kwa hiyo nyinyi mfanye harusi ndogondogo. Tangazeni kitu kimoja chenye tarehe, kwa mfano masasisho ya Januari hadi Juni, bajeti hii hapa, waliochangia hawa hapa. Watu 100 kati ya 4,000 wakitoa shilingi 2,000 kwa mwezi ni laki mbili. Haitoshi mshahara wa mtu, lakini mkishazima seva inatosha siku kadhaa za kazi ya mtu kila mwezi, na mara nyingi mwenzenu anayechoka anataka kuona kwamba siku zake zimehesabiwa.

Mtu anaweza kukwambia kuhusu Ladybird. Hao wanaandika injini mpya kutoka mwanzo, wakiongozwa na Andreas Kling, na wamekataa kabisa mikataba ya kisanduku cha kutafutia. Julai 2024 walianzisha shirika lisilo la faida kwa mchango wa dola milioni 1 kutoka kwa Chris Wanstrath, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi msimbo wao. Nawatakia heri na nawafuatilia. Kama mna tajiri wa namna hiyo Tabata, nitambulishe.

Ruzuku nimeziweka huku chini kwa makusudi, maana vijana wengi huanza nazo. Zipo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama, wana programu za kukuza ubunifu, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yamekuwapo tangu 2019. Nje, wakfu wa NLnet wa Uholanzi hutoa ruzuku ndogondogo kwa programu huria, na Servo, injini ya kivinjari iliyozaliwa Mozilla, ni kati ya waliofaidika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kina historia: mradi wa Kilinux, wakishirikiana na wataalamu wa Sweden na fedha za Sida, shirika la misaada la nchi hiyo, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, Desemba 2004. Maneno mengi ya kompyuta mnayoyatumia kwenye menyu zenu yalipigiwa mjadala na watu wa namna hiyo. Mimi sijakutana na kompyuta yenye Jambo OpenOffice kwa miaka mingi. Kazi ilikuwa nzuri.

Nilipitia hayo mwenyewe. Tulikuwa wanne, tunatunza programu ya bure ya kuandika mahudhurio ya wanafunzi, mfadhili mmoja wa nje akatulipa miaka mitatu. Tuliandika ripoti kila robo mwaka, na mwisho tukawa hodari zaidi wa ripoti kuliko wa programu. Ikabaki miezi minne wakatuandikia kwamba vipaumbele vimebadilika, sasa ni kilimo. Jioni ile nilikaa na mwenzangu kibarazani Mwenge, tunakunywa chai, tukijiuliza kama haiwezekani kuongeza ukurasa wa mbolea kwenye programu ya mahudhurio. Tulicheka sana. Lakini tulikuwa tunauliza kweli. Hatukuwa na shule hata moja iliyozoea kulipa chochote, kwa sababu kwa miaka mitatu hatukuwahi kuzidai. Ruzuku iombeni kwa kitu chenye mwisho: kukaguliwa usalama wa msimbo mara moja, kutafsiri mwongozo, kurekebisha kivinjari kwa wasioona. Msiombee mkate wa kila siku.

Mkate wa kila siku mimi nautafutia kwingine, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kuna ushirika wa watengeneza programu huko A Coruña, Hispania, unaitwa Igalia, wapo tangu 2001 na wafanyakazi ndio wenye mali. Hawana kivinjari maarufu chenye jina lao dukani. Wanachouza ni mikono. Bloomberg walitaka kurasa zao zipangike vizuri kwa safu na nguzo, wakawalipa Igalia waiandike kazi hiyo ndani ya injini zinazoendesha Chrome na Safari. Ikaingia kwenye msimbo huria, na leo ukipanga ukurasa kwa mtindo huo, unaoitwa CSS Grid, iwe Mbagala au Mwanza, unatumia kitu ambacho kampuni ya habari za fedha ilikilipia kwa shida zake yenyewe. Na sasa Igalia ndio walioibeba Servo baada ya Mozilla kuiachia mwaka 2020.

Nyinyi ni wadogo, lakini mnaweza kufanya kitu cha namna hiyo kwa kipimo cha Dar. Nani ana shida ambayo kivinjari chenu kinakaribia kuitatua? Shule binafsi yenye tableti 40 ambayo mwalimu wa kompyuta anashinda akifukuzana na watoto kwenye video. SACCOS ambayo makarani wake wanatakiwa kufungua mfumo mmoja tu na hawafungui huo mmoja tu. Nyumba ya wageni yenye tableti mapokezi. Hao wote wanahitaji kivinjari kinachofungua tovuti walizozichagua na si nyingine, kwa Kiswahili, bando likibanwa, na mtu wa kumpigia simu kikikwama. Msimbo ubaki huria kama ulivyo, anayetaka auchukue ajifungie mwenyewe. Mnachouza ni kufunga, kufundisha siku moja, na mkataba wa matunzo wa mwaka. Programu ni bure, ila kupokea simu saa mbili usiku siku ya mitihani si bure, na mwenye shule anaielewa bei hiyo vizuri kuliko anavyoelewa neno "mchango".

Piga hesabu ya mfano tu: taasisi 12, kila moja laki nne kwa mwaka, ni milioni 4.8. Gawanya kwa miezi 12 upate laki nne kwa mwezi. Hamtajirika. Lakini hizo ni hela za walipaji 12, akiondoka mmoja mnaumia kidole, hamkatwi mguu. Linganisha na Firefox, asilimia 85 kwa mlipaji mmoja. Na wale 4,000 wa bure wanabaki bure, wakinufaika na kila tundu ambalo shule imelipia kuzibwa.

Mtahitaji karatasi. Shule haitaandika hundi kwa jina la mtu, hivyo sajilini kampuni BRELA, mchukue TIN, mfungue akaunti inayohitaji saini mbili. Andikeni pia, wenyewe kwa wenyewe, nani anamiliki jina la kivinjari na ile nembo. Msimbo ni wa wote, jina si la wote, na nimeona marafiki wa darasa moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya nembo.

Sasa ile kampuni iliyowaandikia. Mtu anayelipa kwa kila mtumiaji bila kutaka kuonekana popote anataka kimoja kati ya viwili: historia ya kurasa za watu, au njia yao ya intaneti aikodishe kwa wengine. Hola, huduma ya VPN ya kufungulia tovuti zilizofungwa, ilikutwa mwaka 2015 ikiuza njia za watumiaji wake wa bure, wengi wao hawana habari. Stylish, kiongezi cha kivinjari cha kubadilisha mwonekano wa tovuti, kilichopendwa sana, kiliuzwa kwa wenye njaa ya data, na Julai 2018 kikaondolewa kwenye maduka ya Chrome na Firefox kwa kukusanya historia za watu. Avast, watengenezaji wa programu ya kuzuia virusi, walikuwa na kampuni tanzu ya kuuza nyendo za wateja wao mtandaoni. Waliifunga 2020, na 2024 mamlaka za Marekani zikawatoza dola milioni 16.5. Hao walikuwa na mawakili. Nyinyi mna mwenzenu anayechoka. Fikiria pia yule mtumiaji wenu: kivinjari alichokipakua ili asimalize bando kingekuwa kinapitisha mizigo ya wageni usiku amelala. Barua hiyo msiijibu hata kwa kukataa, watarudi na bei ya juu.

Seva mkiizima, msiizime ghafla. Watu 4,000 wataamka waone kurasa zimebadilika, wataanza kuandika maoni ya nyota moja. Wekeni taarifa ndani ya kivinjari mwezi mmoja kabla: tunazima, sababu hii, bando lako litalindwa hivi. Mistari minne, Kiswahili cha mtu na mtu. Chini yake wekeni Lipa Namba ya masasisho ya Januari hadi Juni, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, siyo kwa jina lako.